Robine ya Ndani ya Ukuta, Kule Beni

Nianze na mwenye makosa, juu kwetu batu banapenda kuanza habari ya vita na mvua na milima, na mwenye makosa anapata njia ya kukimbia. Mwenye aliuza yaya wangu kwa basoda ni jirani yetu wa Butembo. Alikuwa anauza simenti na misumari. Ukuta ya lupango yake, ni kusema kiwanja ya nyumba, njo ilikuwa ukuta ya lupango yetu, na siku ya Mungu tulikuwa tunakaa naye banc moja ku misa ya kwanza. Jina yake sitaiandika. Batu ba ile mutaa banaijua, na yeye mwenyewe akisomewa haya, atajijua.

Yaya, ni kusema mukubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa ananunua viazi na maharagi kule Alimbongo na kuvitelemusha Butembo mpaka Beni. Alikuwa na depo ndogo, gala ya mizigo, penye barabara, na jirani aliitaka ile depo tangu zamani. Ilikuwa wakati ya rebellion, ile vita ya uasi. Basoda, ni kusema askari, balikuwa ba kuchanganyika: bengine batoto ba inchi, bengine bale ba ngambo ya mupaka, benye balikuja kutusaidia, vile balikuwa banasema, na kila siku malori zao zilikuwa zinapita na mbao yetu kwenda Kasindi, ku mupaka. Jirani alienda kubaambia ati yaya analishaka batu ba pori, benye balikuwa banapigana nabo. Wakati ile hakuna mutu alikuwa anauliza ushahidi. Balimukamata palepale mu depo, juu ya mifuko yake ya viazi, bakamutupa mu gari, bakamupeleka Beni. Viazi zilikuwa hazijaoza bado, misumari ya jirani ilikuwa imekwisha kuhamia mule.

Mama yetu hakulia. Alikaa chini penye mulango, miguu ya kunyosha kama mutu wa matanga, na kila mwenye kupita alikuwa anamuangalia tu bila kumusalimia. Baba alikuwa amekufa zamani. Asubuhi moja mama aliniita, akasema: «Yaya wako hana miguu kule penye iko. Wewe uko nayo.» Ile tu.

Miye niko mutu wa woga, na sioni haya kusema. Masomo nilifika mwaka ya ine ya primaire, kisha nikapewa kwa muzee moja wa Lubero mwenye alijengaka na mapadri, anifundishe kazi ya tiyo, ni mabomba ya mayi. Donc nilikuwa fundi wa mayi. Nilibeba mufuko yangu ya kazi, hata kama sikuwa na kazi kule Beni, juu mutu mwenye kubeba kazi yake mu mukono, basoda ba bariere banamuuliza maulizo kidogo. Mu barabara kila bariere mukojo ilikuwa inanishika. Camion ilikuwa inasimama, tunashuka, tunapanga mustari, na miye nilikuwa naangalia viatu yangu. Mutu mwenye nilikuwa nakaa naye juu ya mizigo, mama moja wa Mulekera, alisikia habari yangu, akaniambia kwa sauti ya chini: ikiwa ndugu yangu hakuuawa mu barabara, basi iko mu ndaki ya Komanda, mukubwa wa basoda. Ndaki ni shimo. Banachimba chini, banafunika na miti na bati na udongo, banaacha penye hewa inapita kidogo. Alinielekeza nyumba. Kisha akasogea mbali na miye kidogo, ni kama nilikuwa na ugonjwa.

Nyumba ilikuwa ya muzungu wa kahawa wa zamani. Ukuta nene, mabati ya kuoza, veranda ya karo nyekundu, ni vigae, na majani mpaka ku madirisha. Penye mulango ya lupango kulikuwa soda moja mwenye kukaa juu ya kasha ya bia, chupa mu mukono. Aliniuliza na Lingala, «Yo nani?», wewe nani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Butembo, namna nitaomba, namna nitapiga magoti. Maneno yote ilipotea. Nilisimama tu pale na mufuko. Yeye akaangalia mufuko, akaona kle, ile spana kubwa ya tiyo, inatokeza kichwa, akaanza kucheka. Aliita ndani: «Afande, Mungu amesikia. Fundi amejileta mwenyewe.»

Ile njo namna niliingia. Si ujanja, kama batu banasemaka leo mu matanga, ati yule alikuwa mwerevu. Sikuwa mwerevu. Nilikuwa na kle.

Komanda alikuwa kijana. Singleti nyeupe, suruali ya kisoda, sapatu mu miguu, ngozi ya kulala muzuri. Hakuwa mutu wa kwetu, alitoka mbali, na alijifunza usoda ngambo ya mupaka. Alikuwa anasema polepole kama muganga, na ile njo iliniogopesha zaidi ya bunduki. Alinipeleka mwenyewe mu chumba ya kuogea. Pale nikaona.

Robine za leo, vile vya kufungulia mayi, ziko inje, unaziona zote. Bazungu ba zamani balikuwa banaficha. Mwili yote ya robine iko ndani ya ukuta, na inje unaona tu vichwa mbili vya kuzungusha na mudomo moja ya kutapika mayi mu baignoire, ile beseni kubwa ya kuogea. Ikiwa nzima, ni ya kupendeza. Ikiwa gonjwa, unaona ukuta njo inagonjwa. Ile ukuta ilikuwa imevimba. Karo zilikuwa zinacheza mu mahali yao kama meno ya muzee, na chini ya dirisha simenti ilikuwa imekuwa tope. Kila wakati, ndani kule, mayi ilikuwa inafanya sauti ndogo. Komanda alisema ile sauti inamunyima usingizi. Fundi mwenye alikuja mbele yangu alivunja kichwa moja ya robine, na basoda nabo bakamuvunja vidole. Alinisimulia ile kama habari ya mvua.

Pale njo nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, sauti ya mwanamuke. Nilisema yaya wangu iko kwake, wa viazi, wa Butembo, na hakufanya kitu.

«Ule wa kukohoa,» Komanda akasema. «Sikia, fundi. Ukuta ikinyamaza, utampata. Ukivunja, mutakuwa bawili mule. Na ile karo uisikilie huruma, haipatikane tena.»

Soda wa mulango, mwenye alitufuata, akaongeza: «Kichwa yako tutapata ingine, karo hapana.» Komanda akacheka naye. Miye pia nilicheka. Mutu wa woga anachekaka na benye kumuogopesha, ninyi mutajua ile siku itabapata.

Mbele ya kugusa robine, sherti ufunge mayi. Nilifuata tiyo kwa macho tangu ukuta mpaka inje, na vane, penye kufungia mayi yote, ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya jiwe ya kulala, karibu na citerne ya mayi. Hatua kidogo tu kutoka pale kulikuwa kilima ya udongo na bati na miti ya mukaratusi juu yake, na soda moja anakaa kwenye kivuli. Nilijua ni nini. Nilipiga magoti penye vane, nikapakaa mafuta ya mawese, nikakamata na kle. Haikutaka. Ilikuwa imelala tangu bazungu balienda. Pale nikasikia kikohozi kutoka chini ya udongo. Mutu mwenye mulilala naye kitanda moja utoto yote, utajua kikohozi yake hata chini ya udongo. Kle ikaniponyoka, ikapiga jiwe. Soda aliinua kichwa. Nilitaka kuita. Nilitaka kukohoa tu namna yangu, anijue. Lakini nikafikiri vidole ya ule fundi, nikanyamaza, nikasukuma vane mpaka ikalia na kufunga.

Mu jikoni kulikuwa mama moja wa Lubero, mwenye kupika kwa Komanda. Mwili munene, kitambaa mu kichwa, maneno kidogo. Nilienda kumuomba kamba ao kitambaa ya kazi. Alinisalimia na Kinande, akaniuliza niko mutoto wa nani, na kisha ya kusikia akatikisa kichwa. Aliniambia yaya iko muzima, lakini tumbo inamuendesha, juu mayi ya mule chini ni ya mvua. Aliniambia pia nijichunge na jambo moja: Komanda anaogopa sumu kuliko masasi. Beni yote wakati ile ilikuwa inaogopa sumu, hata mu kabare chupa haifunguliwe mbali na macho yako. Lakini yeye alipita batu bote. Mbwa yake ilikufa, na tangu siku ile hakuna kitu kinaingia mu kinywa yake bila mama huyu kukila mbele, Komanda akimuangalia mpaka anameza.

«Miye sipike tena,» akaniambia. «Miye ni ulimi yake.»

Nilirudia ku ukuta. Nilifungua na kutosha kichwa ya kwanza, nikapakaa mafuta, nikangojea, nikapakaa tena. Ya pili ilikuwa ile ya kuvunjika. Niliizungusha na kipande ya tiyo nilichogonga juu yake mpaka ikashika. Kila karo moja ilipotoa sauti, nilikuwa naacha kle na kuishika na kiganja. Ndani, ngozi ya kuzuia mayi ilikuwa imekuwa unga. Nilikata ingine mu chambre à air, ile mupira ya ndani ya gurudumu ya camion. Lakini mayi ya ukuta haikutoka pale. Ilitoka nyuma zaidi, penye mudomo unajifunga ku mwili ya robine, penye bazungu balizungusha nyuzi na nyuzi zikaoza. Sherti nizungushe ingine. Filasse, zile nyuzi za duka, haikuwa Beni, vita ilikula duka zote. Sisi mafundi ba kule tulikuwa tunafanyaka hivi: unafumua mufuko ya kahawa, unatosha nyuzi, unazungusha, unapakaa rangi ya bati juu yake ili ishike. Rangi ya bati ni nyekundu. Inanuka. Siku ya kwanza mayi inatoka na ile harufu, na unaambia mwenye nyumba aache mayi ipite mbele ya kutumia. Kila mutu wa Butembo mwenye iko na robine anajua ile, hakuna mwenye kuuliza.

Ile njo ilitaka kutuua.

Nilikuwa nimemaliza kufunga. Nilitaka rangi ikauke, niende polepole, nifungue vane nusu. Lakini Komanda alikuwa amesikia joto, anataka kuoga, na soda wa ndaki alitumwa kufungua vane bila kuniuliza. Nilisikia tiyo inapiga ngumi ndani ya ukuta. Komanda akaingia na serviette ya kuogea ku bega, nyuma yake soda wa mulango na mama wa jikoni na ndoo. Akazungusha kichwa mwenyewe.

Robine ilikohoa, ikatapika mayi nyekundu.

Sikuona uso yake, niliona tu miguu mu sapatu. Haikusogea. Kwetu, mutu mwenye kupa mugeni kitu ya kunywa anaonja mbele. Kama ni kasiksi, ile pombe ya ndizi, kama ni mayi, mwenye kuileta anakunywa mara moja, mugeni anaona, kisha anapokea. Hakuna mutu anafundishwa. Unakomaa nayo kama kuvua kofia mu kanisa. Basi nilipoona ile mayi mubaya na miguu yake imesimama, mukono yangu ilienda yenyewe. Nilitega kiganja, nikajaza, nikakunywa. Nilitaka kumutuliza roho. Ilikuwa na ladha ya chuma na ya bati.

«Nani alikuambia ukunywe?» Komanda akauliza. Sauti bado ya polepole.

Nilisema hakuna mutu, ni desturi yetu.

Akafunga robine. Akasema kule anatoka, mutu safi hafikirie sumu. Mwenye kufikiria mbele ya kuulizwa, ni mwenye kuitia. Na mwenye kuitia anakunywaka dawa ya kuizuia asubuhi, donc kukunywa kwake hakuonyeshe kitu. Niliona namna maneno ilipangana mu kichwa yake, moja juu ya ingine, na kila moja ilikuwa na nguvu. Miye nilijua sikutia kitu. Lakini ile rangi, nani anajua ni nini iko ndani ya ile rangi? Muzee wangu wa Lubero hakuniambia. Kipande ya woga yangu ilikuwa hii: pengine Komanda iko na haki.

Akaita soda wa ndaki, akamuambia ajaze ndoo ingine ile mayi nyekundu. «Mupelekee ndugu yake. Yeye hana dawa ya asubuhi. Tutaona.»

Mutafikiri nilitulia, juu miye mwenyewe nilikuwa nimeikunywa na sikuanguka. Sikutulia hata. Yaya alikuwa na tumbo ya kuendesha tangu majuma. Mayi ya namna yoyote ingemutapisha. Na akitapika, hakuna mwenye atauliza juu ya mvua ao ndaki. Bataona mutu amekunywa mayi yangu na ametapika. Nikakaa juu ya ukingo ya baignoire, na soda wa mulango akanisimamisha na mudomo ya bunduki, akaniambia baignoire si ya baba yangu.

Soda wa ndaki akarudia na ndoo bado ya kujaa. Akapiga saluti. «Afande, anakataa. Anasema mwenye kuleta akunywe mbele.»

Komanda akanigeukia, na sasa alikuwa anacheka na meno. «Munaona? Hata wa tumbo moja naye hamutumainie.»

Mwenye alisema ni mama wa jikoni. Aliweka ndoo yake chini kwanza, akapanguza mikono ku kikwembe yake ya kiuno.

«Afande, miye naonja chakula yako kila siku. Unafikiri ni wewe ulinifundisha? Nilitoka nayo kwetu Lubero. Hapa hata mutoto akikuletea kikombe anaonja. Ule wa mu shimo hajue ni nani amefanya mayi. Anaomba tu heshima.»

Mu ukuta hakuna sauti hata moja, na ile pia iliniogopesha, juu nilikuwa nimezoea. Komanda aliangalia mama, akaangalia ukuta, akasema: «Basi huyu aende amupe heshima yake. Kisha mutakaa naye pale mpaka jua ishuke. Tumbo itatuambia.»

Balitosha miti na bati. Harufu ilipanda kama kitu yenye mikono. Sikuona mutu, niliona ndevu, na macho yenye kufunga juu ya mwanga. Alikuwa amekaa mu tope, mugongo ku udongo. Mukubwa wangu, mwenye alikuwa anabeba mufuko ya viazi na bega moja. Nilipiga magoti penye ukingo, nikateka mayi na kopo, nikaonja mbele yake, nikameza wazi, anione. Nikamutelemushia.

Alishika kopo na mikono mbili. Alifungua macho kidogo. «Ni wewe njo umetengeneza hii mayi?»

«Ni miye, yaya.»

«Ni mubaya.»

«Ni mubaya sana. Kunywa.»

Akakunywa. Yote.

Kisha tukangojea. Jua ilikuwa juu ya vichwa. Soda alikaa tena mu kivuli, akatosha sigara. Miye nilibaki na magoti yangu penye ukingo, na sikuangalia kitu ingine isipokuwa shingo ya yaya. Nilikuwa naangalia ile mufupa inapanda na kushuka. Mara ya kwanza alipoweka ngumi ku tumbo, nilifikiri pengine ni njaa. Kisha jasho ikatoka mu paji ya uso, matone makubwa. Akaweka ngumi ya pili. Aliniangalia, na nikajua naye anajua. Hakuna mwenye alimueleza, lakini basoda balisema yote wakati ya kutosha miti, na mutu mwenye kulala mu ndaki anasikia kila neno yenye inasemwa juu ya kichwa yake.

Ilipanda. Niliona inapanda. Mashavu ilijaa, macho yakatoka, akafunga kinywa na mikono mbili, moja juu ya ingine, na akameza. Mwili yote ilipigana naye. Akameza tena. Mayi ikatoka mu macho na mu pua, lakini mu kinywa hapana.

Soda akainua kichwa. «Anafanya nini kule?»

«Anasali,» nikasema.

«Aniombee na miye,» akasema, na akarudilia sigara yake. Nilimuchukia kwa ile neno zaidi ya vitu vyote, hata leo, na hakuwa hata mubaya kuliko bengine.

Ilipanda tena, mara mingi, sitahesabu. Kila mara yaya aliirudisha. Kila mara miye pia nilikuwa nameza naye. Nilikuwa nafikiri mama penye mulango. Nilikuwa nafikiri jirani, saa ile pengine anakaa mbele ya depo na anakunywa kahawa yake, na simenti ku vidole. Nilimuombea mambo yenye sitaandika. Nyamuhanga, Mungu wetu, ananijua, na ile maombi sijaiondoa.

Jua ilipoelekea milima, tulisikia mayi ndani ya nyumba. Komanda alikuwa anaoga. Mama wa jikoni, alinieleza kisha, aliacha robine ipite mpaka mayi ikawa nyeupe, na akaonja mbele yake, juu yeye aliitiwa kuonja, si kama miye. Tulisikia Komanda anaimba. Alitoka inje na serviette mu kiuno, nywele ya kumeta, akaja penye ndaki, akaangalia chini.

«Hakutapika?»

Soda akasema hapana, alisali tu.

«Basi mutoeni. Ananiharibia hewa.»

Balimuvuta na mikono. Hakuweza kusimama, nilimushika mu kwapa, na alikuwa mwepesi, nikaona haya kwa wepesi yake. Tulifanya hatua moja, mbili, kuelekea mulango ya lupango. Nilikuwa nafikiri tunaenda bote. Nilikuwa nimekwisha kutafuta kwa macho ni camion gani.

«Fundi anabaki,» Komanda akasema nyuma yetu. Hakuwa na hasira hata. «Ile robine iko ndani ya ukuta. Ikianza kulia tena, nitaitafuta wapi, Butembo?»

Nilisema nitakuja kila juma. Nilisema naapa. Alikuwa amekwisha kuingia mu nyumba.

Soda wa mulango alifungua, akatuachanisha na mukono tu, kama unaachanisha mbuzi. Yaya alijishika ku ukuta ya lupango. Mbele ya kwenda aliniuliza: «Mama nitamuambia nini?»

Nikasema: «Mwambie nimepata kazi.»

Alitaka kucheka, na pale njo alitapika, hapo penye barabara, mbele ya mulango. Soda alikuwa amekwisha kufunga. Nilisikia tu. Nilisimama nyuma ya ile mbao, nikangojea neno ya soda, lakini yeye alikuwa anatafuta chupa yake, hakusikia ao hakutaka. Kisha nikasikia miguu ya yaya inakokota mpaka mbali.

Alifika. Habari ililetwa na mama wa jikoni, mwenye alipata mutu wa kutoka Butembo ku soko. Miye nilibaki mu ile nyumba mpaka basoda balianza kupigana bao kwa bao juu ya feza ya douane ku mupaka na Komanda akakimbia. Leo batu bananiambia anavaa kravate kule Kinshasa, banamuita honorable, ni mubunge. Simushangae. Jirani naye anauza misumari mu depo ya yaya, na anatusalimia.

Lakini ile jioni ya kwanza sikujua mambo ya mbele. Nilirudia mu chumba ya kuogea kupanguza udongo ya miguu yangu. Komanda alikuwa anakula, nilisikia kijiko ya mama inaonja. Nilipiga magoti, nikaweka mukono ku karo, chini ya dirisha, penye ukuta ilivimbaka. Ilikuwa kavu. Nikatosha mukono, nikaipanguza ku suruali, nikaiweka tena, na nikabaki vile, nasikiliza.